Kisu Kilichoachwa Wazi

Dirishani kwa Bi Esteline Combs palikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Vumbi lilikaa juu ya pazia, juu ya kopo la vifungo, juu ya picha ya marehemu mumewe Virgil akiwa na kofia yake ya mgodini, hata juu ya nzi waliokufa kiangazi cha mwaka uliopita. Katikati ya vumbi hilo kililala kisu cha kukunja, kimefunguliwa, kinang'aa utadhani kimefutwa asubuhi ile ile. Bi Esteline alisema hakuna mkono uliokigusa kwa miaka kumi na mmoja.

Clovis Ratliff hakuuliza inawezekanaje. Macho yake yalikuwa yamekwisha ganda kwenye mpini.

Lazima nikwambie kwanza Clovis alikuwa mtu wa namna gani, maana nisipokwambia utakuja kumhurumia, na huruma yako itakuwa imekwenda bure. Alikuwa fundi umeme mstaafu wa mgodi wa makaa, akiishi na mkewe Lottie katika bonde moja jembamba la milima ya Kentucky, ambako jua huchelewa kuingia na huwahi kutoka. Mimi niliishi ng'ambo ya barabara yao miaka kumi na tisa. Kazi yake baada ya kustaafu ilikuwa moja tu, kukusanya visu vya kukunja vya zamani. Alikuwa na kabati la droo nyembamba, kila kisu na kitambaa chake, na shingoni alining'iniza lenzi kwa kamba ya kiatu. Ungempa visu viwili ambavyo mimi na wewe tungeapa ni pacha, yeye akakwambia hiki kina pini tano mpinini na kile kina sita, hiki mkia wa herufi kwenye muhuri ni mfupi kwa hiyo ni cha kabla ya vita, kile springi yake imebadilishwa na fundi mlevi. Na hakuwa akikosea. Hilo ndilo lililomharibu.

Kila Jumamosi wazee hukaa kwenye mabenchi mbele ya mahakama ya mji, wakichonga vijiti vya mwerezi na kubadilishana visu. Walimpelekea Clovis visu vyao kama mtu anavyompeleka mtoto kwa daktari. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "bandia." Siku moja Dewey Sizemore alikuja na kisu cha baba yake, amekifunga kwenye leso. Baba alikuwa amezikwa Jumanne.

"Dewey," Clovis akasema, lenzi jichoni, "baba yako alikuwa mtu wa utani?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Basi alipigwa, na amekufa bila kujua. Muhuri umechongwa upya. Bandia hii! Kakatie chambo cha samaki."

Benchi zima likaangua kicheko. Dewey aliikunja leso vizuri, kona kwa kona, ndipo akaondoka.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo, ila huko hakukuwa na wa kumchekea. Jioni moja Lottie alisimama mbele ya meza yake, mikono imelowa maji ya vyombo, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Clovis, miaka thelathini na mmoja sasa. Macho yangu yana rangi gani?"

"Kahawia," akajibu bila kuinua kichwa. "Hebu nisogezee taa."

Lottie akaisogeza taa.

Sasa turudi dirishani kwa Bi Esteline. Mpini wa kile kisu ulikuwa wa ile plastiki ya kale iliyochanganywa na kafuri, rangi ya manjano ya siagi. Kilitengenezwa na kiwanda cha Tolliver, kilichoteketea kwa moto kabla baba yake Clovis hajazaliwa. Visu vya Tolliver vina kibati kidogo mpinini chenye kokwa la mwaloni, kichwa cha kokwa kikitazama juu. Kwenye hiki, kokwa lilitazama chini. Wakusanyaji walikuwa wakisimuliana kwamba kipo kimoja cha namna hiyo duniani, kilichokuwa mkononi mwa fundi siku mlango wa kiwanda ulipofungwa kwa nje na moto ukiwa ndani. Clovis alikuwa amekicheka kisa hicho miaka ishirini. Sasa kilikuwa mbele yake, na mate yalimjaa kinywani.

"Virgil alikifungua amenye tofaa," Bi Esteline alisema. "Akakiweka hapo, akaniambia kuna mtu anamwita nje. Nje hakukuwa na mtu, Clovis. Nilikuwa nimesimama mlangoni, ningemwona. Akatoka, akaanguka pale ngazini, basi."

"Na wewe hukukifunga."

"Nikifunge mimi? Mama yangu angefufuka aje anizabe kofi!"

Milimani huko jambo hili hata mtoto analijua. Mtu akikupa kisu kikiwa wazi, unamrudishia kikiwa wazi. Aliyekifungua ndiye wa kukifunga, na hakuna mjadala. Nimeona wanaume wazima wenye bunduki wakipitishiana kisu kilicho wazi mezani, kwa tahadhari ya watu wanaopitishiana uji wa moto.

Clovis akakinusa kisu, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo. "Unasikia hiyo kafuri, Bi Esteline? Plastiki hii ikianza kuoza hutoa hewa mbaya. Na ubaya wake, yenyewe haijidhuru. Yenyewe hubaki inapendeza hivyo hivyo, ila huozesha majirani zake. Kila chuma kilicho karibu nayo kitaota kutu. Vijiko vyako, sindano zako. Hiki ni kisu cha kawaida tu, nakuondolea balaa nyumbani."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli, isipokuwa lile la kisu cha kawaida. Akampa bei ya kuku wawili.

"Kibebe hivyo hivyo kikiwa wazi," Bi Esteline alisema, amemshika kwa mkono wa shati. "Na ukifika, kiache wazi. Niapie, Clovis."

"Naapa, mama. Kwani mimi mgeni hapa?"

Alifika mpaka kwenye pikapu yake. Mkusanyaji wa visu, kama hujakaa naye, hawezi kumiliki kisu ambacho hajaisikia sauti yake. Sauti ya kisu husikika kinapofungwa, springi inapolivuta bapa likaingia mpinini, na mtu mwenye sikio anajua hapo hapo kama kisu ni kizima au mgonjwa. Kungoja mpaka nyumbani kulimshinda. Akaangalia nyumba ya mjane, pazia limeshushwa, akaweka kidole gumba mgongoni mwa bapa, akalisukuma.

Tak.

Safi kabisa, alisema aliponisimulia. Sauti ya kisu kipya. Kisha ikaja ya pili, tak, nyuma ya kiti chake. Akageuka. Kulikuwa na kamba na gunia la chakula cha kuku. Na gari zima lilikuwa likinuka kafuri, dirisha likiwa wazi na upepo wa vuli ukiingia. Kwao kafuri ni dawa ya kupaka kifuani. Mimi ni mtu wa pwani, kafuri naijua kwa maiti anayengoja sanda, na alipofika hapo katika kusimulia nilikivuta kiti changu nyuma.

Lottie alikiona kisu mezani, akasimama na sufuria yake ya maharage mkononi.

"Hicho ni cha Virgil Combs."

"Sasa ni changu."

"Nani amekifunga?"

"Kisu kimefungwa, basi. Leta kahawa."

"Clovis," na hapo sauti yake ilishuka hadi ikawa kama anaogopa kisu kisimsikie, "kirudishe. Leo hii. Mwombe Bi Esteline radhi, tupige magoti wote wawili ikibidi. Bibi yangu alikuwa akisema—"

"Bibi yako alikuwa akimsemesha kuku wake. Kahawa, Lottie."

Majini wa kwetu wana adabu kidogo, husubiri giza. Hili halikuwa na haya. Lilianza asubuhi iliyofuata, watu wako mezani, jua liko juu ya mafuta ya kikaango: tak, kutoka chumba cha visu. Clovis akaenda, akavuta droo. Kisu kilikuwa wazi. Akakifunga, akarudi kwenye mayai yake. Kabla hajanyanyua uma, tak. Ikawa hivyo mchana, ikawa hivyo alasiri, siku ya pili, siku ya tatu, na harufu ya kafuri ikaingia kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye nywele za Lottie. Siku ya nne Clovis aliona kidoa cha kutu, kidogo kuliko punje ya mtama, kwenye bapa la kisu kilicholala kando yake.

Akamfuata Lottie jikoni. Alikuwa akichambua maharage.

"Wewe ndiye unayekifungua."

"Mimi? Siwezi hata kupita mbele ya mlango ule. Clovis, kuna mtu anapumua mle kwenye droo. Nimemsikia nikifagia. Anapumua kama mtu aliyemeza moshi."

"Unataka kuniharibia visu vyangu kwa ujinga wa bibi yako."

"Naapa kwa Mungu wangu."

"Haya. Leo tunamaliza." Akakitoa kisu mfukoni, akakifungua mbele ya uso wake, akamshika mkono wa kushoto. "Kifunge."

"Umekifungua wewe."

"Kifunge, nimesema! Uone kama utakufa."

"Clovis, tafadhali. Mume wangu. Nifanye kitu kingine chochote."

Hakumpiga. Alilisisitiza hilo mara mbili aliponisimulia, kana kwamba mimi ni hakimu. Aliuchukua tu mkono wa mkewe, akaukandamiza juu ya mgongo wa bapa, akaukandamiza, mpaka kisu kikafunga na kidole gumba cha Lottie kikiwa njiani. Tak. Damu ikadondokea maharage. Lottie hakulia. Aliitazama damu, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akaenda kunawa, akasema anakwenda kujilaza. Ilikuwa saa nane mchana.

Saa kumi Lottie alitoka chumbani akapika.

Mkate wa mahindi ulikuwa na sukari. Kwa mtu wa milima ile, kutia sukari kwenye mkate wa mahindi ni sawa na kutia sukari kwenye supu ya pweza, na Lottie alikuwa amewahi kugombana na wifi yake miaka miwili kwa sababu hiyo. Kisha akakaa bila kulisugua goti lake bovu. Kidole gumba kilikuwa na mstari mwembamba, umekauka, utasema ni jeraha la mwaka jana. Na Clovis aliposema utani wake ule wa Dewey na leso, Lottie akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwanamke aliyekaa na Clovis miaka thelathini na mmoja hacheki utani wa Clovis.

Alijua. Sitaki mtu aje amtetee hapa. Jicho lile lililoona mkia wa herufi uliopungua upana wa unywele lilijua siku ile ile, mezani pale, kwamba kilichoketi mbele yake ni bandia. Alijua, akamega kipande cha pili cha mkate. Maana huyu mpya alimfutia lenzi kwa pindo la gauni, alimwuliza habari za pini na vibati na akasikiliza majibu, alimwita "bwana wangu" na hakumwomba kitu. Clovis akaona, mbona hii ni nafuu.

Siku ya pili ya nafuu hiyo, alipofungua droo, sauti ilimjia kutoka kisuni, ndogo na kavu. Kisu kilikuwa kimefungwa, wala hakikujifungua tena.

"Clovis. Nifungulie."

Akasimama.

"Ni mimi. Humu kunanuka moshi. Sioni mkono wangu. Clovis, nifungulie."

Akachukua soksi zake mbili za sufu, akakifunika kisu, akaisukuma droo. Siku saba alifanya hivyo, saba, akija kuvitazama visu vyake mchana, jua likiingia dirishani, ndege wakilia nje, yule mwingine akiimba jikoni kwa sauti ya mkewe nyimbo ambazo mkewe hakuwahi kuzijua, na chini ya soksi ile sauti ikizidi kukauka, ikitoka kwenye "nifungulie" ikabaki jina lake tu, na kutoka jina lake ikabaki kukwaruza, ukucha juu ya chuma, ukucha juu ya chuma, mpaka siku ya nane alipovuta droo ya juu, ile ya visu vyake bora, ya visu ambavyo hakumruhusu mtu hata kuvipumulia, akakuta safu nzima imekuwa nyekundu kwa kutu.

Hapo ndipo alipopiga yowe. Nililisikia kutoka barazani kwangu.

Bibi Icy Maples aliishi juu kabisa bondeni. Alizuia damu kwa maneno na kupuliza moto utoke kwenye ngozi iliyoungua, na watu walimheshimu kwa kumwogopa. Alimsikiliza Clovis mpaka mwisho, akitafuna kitu ambacho hakikuwepo.

"Umekuja kwa ajili ya mkeo au kwa ajili ya visu?"

"Vyote, bibi."

"Ulianza na visu."

Clovis akaanza kuizungusha lenzi yake.

"Sikiliza, maana sirudii. Kesho jua likiwa utosini, kaa jikoni kwako. Kifungue kwa mkono wako, umwite jina mara moja. Watakuwepo wawili. Aliye wako utamshika mkono, kisha ukifunge wewe mwenyewe. Wewe! Aliyefungua ndiye afunge, na kikifungwa hivyo hakifunguki tena. Aliyebaki amebaki, aliyeingia ameingia. Kisha kakitupe kwenye shimo la mgodi lile lililojaa maji."

"Njoo nawe, bibi. Usiniache peke yangu."

"Nije nikuchagulie mke? Mwenye kumjua ni wewe."

"Na nikikosea?"

Bibi Icy akacheka bila meno. "Wewe? Si wanasema hukosei?"

Basi siku ya pili, saa sita kamili, jua limejaa jikoni hata vivuli vimejificha chini ya viti, Clovis aliketi, lenzi shingoni, akatia ukucha kwenye mfuo wa bapa, akakifungua, akaita "Lottie," na hakuona mtu akiingia wala hakusikia mlango, aliona tu kwamba upande wa pili wa meza wameketi wawili, bega kwa bega, na wote wawili wamevaa gauni lile lile la maua ya samawati, na wote wawili wana alama kidole gumba cha kushoto, na kafuri ilikuwa imejaa chumbani kiasi cha kumtoa machozi. Wa kulia alikuwa msafi, nywele zimechanwa, mashavu mekundu. Wa kushoto alikuwa amekwisha. Midomo imepasuka na kwenye mipasuko kulikuwa na unga wa kahawia, kutu, kutu kwenye vinyweleo vya mikono, kutu kwenye mikunjo ya shingo, na kucha zake zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama.

"Bwana wangu," akasema wa kulia, taratibu, "usiogope. Una jicho. Litumie."

Wa kushoto alikohoa. "Clovis."

"Nyamaza," akasema Clovis, akaishika lenzi.

"Nitazame tu," wa kushoto akasema. "Mara moja. Bila hicho kioo."

Akamtazama kwa kioo. Akaanza na huyo mchafu, kama anavyoanza na kisu kibovu ili akitoe njiani, akaipitisha lenzi kwenye midomo, kwenye mashavu, akasema moyoni kilichooza ni hiki, kutu yote hii, hiki ndicho kilichoniharibia droo, na yeye ndiye aliyewafundisha wakusanyaji wa wilaya nzima kwamba mpini mbovu haujidhuru, hubaki unapendeza na kuozesha majirani, yeye ndiye aliyemwambia Bi Esteline kwa kinywa chake mwenyewe, lakini woga na uvivu wa moyo vilikuwa vimemkalia na elimu yote ikamtoka, akaipandisha lenzi hadi machoni mwa yule mwanamke, na pale, kubwa kama bwawa, aliona jicho la kijivu lenye nukta moja ya manjano chini ya mboni. Akahamia kwa wa kulia. Jicho la kahawia. Kahawia tupu, sawasawa, bila doa.

Na Clovis akakumbuka. Alikumbuka jioni ile, taa, swali lile, na jibu alilolitoa bila kusita. Akapumua kwa raha.

"Macho ya mke wangu ni kahawia," akasema, akamshika mkono yule wa kulia.

Lottie hakupiga kelele. Alisema, "Ndivyo ulivyosema." Clovis akaweka kidole gumba mgongoni mwa bapa, akakifunga yeye mwenyewe kama alivyoelekezwa, kwa mara ya kwanza akaifuata desturi ya watu wake, na desturi ikafanya kazi yake. Tak. Ilisikika mara moja tu. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Hakukitupa shimoni. Bibi Icy alikuwa amemwagiza, lakini Bi Esteline naye alikuwa amemwapisha, na tumeona. Kisu kimoja tu duniani kote, akitupe? Alikirudisha kwenye droo.

Wiki moja ilipita, na kafuri haikuondoka. Kwanza kijiko kilichokaa karibu na mkono wa mkewe kiliota kutu, kisha bawaba za mlango wa jikoni, kisha fremu ya lenzi aliyokuwa akiivaa kitandani, na yeye mkewe alizidi kunawiri, mashavu tofaa kabisa. Asubuhi moja Clovis alikuwa akitafuta funguo za pikapu katika mkoba wa Lottie, mkoba ambao hakuwahi kuugusa. Akakuta leseni yake ya udereva. Herufi zilikuwa ndogo, akachukua lenzi. Jina lilikuwepo, na tarehe ya kuzaliwa, na urefu, na chini yake mstari mmoja mfupi.

Macho: kijivu.

Akasoma mara tatu. Akajua basi kwamba lile jini halikumwiga Lottie. Lilichukua Lottie aliyekuwa kichwani mwa Clovis, na kichwani mwa Clovis kulikuwa na kosa.

"Unatafuta nini, bwana wangu?" akauliza nyuma yake. Alikuwa mlangoni, anatabasamu, na yale macho ya kahawia hayakupepesa.

"Funguo," Clovis akasema.

Alikitoa kisu kwenye soksi, akatia ukucha. Hakukuwa na mahali pa kuutia. Mfuo wa bapa ulikuwa umejifuta, chuma kimekuwa laini kama kioo. Akajaribu kwa kucha zote kumi, moja baada ya nyingine, zikavunjika hadi kwenye nyama. Akajaribu koleo, akajaribu bisibisi, akajaribu nyundo. Kwa ndani, kwa mbali sana, kitu kilikwaruza.

Jumamosi alikwenda kwenye mabenchi mbele ya mahakama. Nilikuwepo. Alikuwa na vitambaa vyenye damu kwenye vidole vyote, akikipeleka kisu kwa huyu na kwa huyu. "Nifungulieni," alikuwa akisema. "Jamani, kuna mtu humu. Yeyote mwenye mkono, nifungulieni." Wazee wakakipokea, wakakigeuza, wakakirudisha bila kumtazama usoni. Mwisho kikafika kwa Dewey Sizemore. Dewey alikiweka kwenye leso yake, akaazima lenzi ya Clovis, akakikagua polepole, upande huu, upande ule.

"Hakina pa kutia ukucha," akasema. "Kisu kisichofunguka si kisu. Bandia hii, Clovis. Kakatie chambo cha samaki."

Benchi zima likaangua kicheko. Ng'ambo ya barabara, ndani ya pikapu, mkewe alikuwa akicheka pamoja nao, akijishika mbavu. Clovis alikichukua kisu, akakiweka sikioni, na mimi niliyekuwa karibu naye nilikisikia kile kikwaruzo, kimoja, halafu kingine, halafu mkewe akapiga honi, Clovis akaenda.